Asumini kubwa imechanua leo

Magharibi ya leo asumini zote mbili zimefunguka pamoja.

Ile ya vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia wanavyovaa wanawake, ina safu moja ya petali, nyepesi, haisumbui kutungwa.

Ile kubwa, Grand Duke of Tuscany, imejikunja tabaka kwa tabaka kama waridi dogo. Majani yake hutoka matatumatatu kwenye kifundo kimoja.

Tatizo lake ni mvua. Maji hukaa ndani ya tabaka, ua likaingia kahawia kabla hujalichuma.

Zote huchanua kwenye vichipukizi vipya. Zikimaliza kutoa, kata theluthi ya tawi, na zipate jua angalau nusu siku. Kivulini utavuna majani matupu.

Kwa harufu, mimi bado naipa ushindi ya vikuba, mashallah.

Jamaa wa Wete na Makunduchi, nyinyi mmepanda ipi?