Jua la Jambiani na mabega yangu

Mie mweusi. Sio maji ya kunde, mweusi hasa, wa kupotea kwenye picha ya usiku, sasa mtu kama mie akikwambia kaungua na jua mpaka katoka malengelenge lazima ucheke, na walicheka kweli, kuanzia utingo wa gari mpaka mamangu mzazi.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa pili, kama wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Nkapanda gari ya 309 nkaenda Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa shangazi. Shangazi analima mwani, na bamvua likifika maji hupwa mpaka kule karibu na mwamba, ndo wanapata muda wa kufanya kazi, wanaingia saa tatu asubuhi wanatoka saa saba maji yakishawarudia magotini. Nkamwambia kesho twende wote nikakusaidie. Akaitazama singlendi yangu, akasema "Hivyo hivyo?" Nkamwambia hivyo hivyo. Akanipa leso nijifunike mabega, nkaiwacha kwenye kamba ya kuanikia. Mwanamme mzima nijitande leso?

Sasa ukiwaangalia wale kina mama, mikono mirefu, suruali ndani ya gauni, soksi, leso imezungushwa uso mzima yamebaki macho tu, juu yake kofia pana ya ukili. Mie miaka yote nlidhani ile ni stara. Stara ipo, lakini na jua nalo wanalijua kuliko siye wa mjini. Kazi ya mwani ni ya kuinama, unafunga vikamba kimoja kimoja, masaa manne umeinama, kwa hiyo mgongo, shingo na nyuma ya magoti ndo vinavyolitazama jua. Na kaskazi inapuliza, miguu imo majini, joto hulisikii hata kidogo, unaona raha tu. Mchanga mweupe nao unalirudisha jua juu, na maji hayakingi kama tunavyodhania, nusu mita chini bado ile miale inayounguza inafika kama asilimia 40 ya ilivyo juu. Halafu siye tuko digrii 6 kusini ya ikweta, mara mbili kwa mwaka jua linatusimamia utosini kabisa, mwanzo wa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi mwanzoni, sasa mie nlikwenda kujianika siku chache tu kabla. Ilipoadhiniwa adhuhuri, saa sita na nusu na kitu, nkatazama kivuli changu nkakiona kimejikusanya chini ya miguu kama paka. Nkaona kichekesho, nkapiga picha. Picha bado ninayo.

Kupigwa na jua kulianza kabla sijajua kama nimeungua. Njiani kurudi kichwa kikaanza kugonga, mate yakajaa mdomoni, misuli ya miguu inakaza, nkafika uani nkakaa kwenye baraza nkatapika kifungua kinywa chote. Jasho linatoka jembamba la baridi. Shangazi hakupiga kelele, kaniambia tu "vua hiyo fulana", kanilaza kivulini chini ya mwembe, miguu juu ya gunia la mwani mkavu, akatia leso mbili kwenye ndoo akanifunika nazo, shingoni na kifuani, kisha akakaa na kipepeo cha ukili ananipepea. Maji aliyateka kisimani. Nilimuuliza baadae kwa nini kisimani na bomba lipo, kasema tangi liko juu ya paa, saa nane mchana ukifungua bomba unapata maji ya chai. Kweli kabisa, na ukiwa mjini kumbuka hilo, funguwa uyaache yatoke kwanza au uwe na ndoo ilokaa ndani.

Huku ananipepea ananihoji. Leo siku gani? Bibi yako mzaa mama jina lake nani? Umekuja na gari gani? Nkaona ananisumbua, kichwa kinauma. Kumbe anapima. Anasema kuna mvuvi wa hapo kijijini alirudi na ngalawa mchana anaongea mambo hayaeleweki, ngozi kavu inachoma kama sufuria, na yule walimbeba mbio hospitali huku wanammwagia maji njia nzima. Hiyo ndo tofauti, na hii naomba msiifanyie utani: mtu akichanganyikiwa, akianza kupepesuka, akipoteza fahamu, au mwili ukapanda mpaka digrii 40, hapo hakuna tiba ya nyumbani tena, ni kummwagia maji na kutafuta gari wakati huo huo. Na Panadol haiteremshi joto la namna hiyo, si homa ya malaria ile.

Mie nlijibu vizuri, nkapewa maji. Sio glasi nzima, kijiko kijiko kwanza mana tumbo lilikuwa linarudisha. Paketi ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, haikuwepo kwa hiyo akatengeneza mwenyewe, lita moja ya maji ya kuchemsha yalopoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha kwa kisu sio vya kulundika, chumvi ikizidi inadhuru. Baadae dafu moja, jioni la pili. Magharibi nkaenda kukojoa mara ya kwanza tangu asubuhi, mkojo rangi ya ukwaju.

Nkasema nshapona. Wallahi usiku ndo nkajua.

Kuungua na jua hakuji palepale, kunapanda taratibu, kesho yake ndo kilele. Na kwenye ngozi yetu hutaona wekundu ule wa wazungu wa Paje, unachoona ni weusi unaozidi, unang'aa, ngozi imevutika kama ngoma, ukiweka kiganja karibu bila kugusa unasikia mvuke. Shuka ilikuwa inanikwaruza kama msasa. Natetemeka baridi huku mabega yanawaka moto. Nkalala kifudifudi.

Asubuhi ikaanza gwaride la matabibu. Jirani kaja na dawa ya meno. Mwengine samli, kasema yeye kila akiungua na mafuta ya kukaangia anapaka samli. Bibi mmoja, Mungu ampe umri, kasaga liwa kabisa, ule mti wa kunukia wa kujisinga, kaja nayo kwenye kijungu, na liwa mie naiheshimu, kwa harara haina mpinzani, lakini kwenye ngozi ilovimba ikikauka inavuta, nlivumilia dakika tano nkaomba niogeshwe. Samli na mafuta ya nazi siku ya kwanza hapana, ngozi inataka itoe joto weye unaifunika. Dawa ya meno ndo usiseme. Barafu nayo hapana, inaunguza mara ya pili.

Kilichonisaidia ni cha kijinga kabisa, maji ya kawaida. Leso imelowa, dakika kumi kumi na tano, inapata joto unailowesha tena, siku nzima. Na alovera ya uani. Hapa kuna ufundi: ukikata jani lisimamishe kwenye kikombe kwanza, litoe ule utomvu wa manjano, ule unawasha, ukishatoka ndo unamenya unachukua ute mweupe wa katikati. Ukiuweka kivulini kwenye sahani ukapoa, Mtume! Nlitaka kulia.

Binamu yangu ni muuguzi, nkampigia. Kwanza alicheka, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliniuliza: "Unakunywa dawa yoyote sasa hivi?" Nkamwambia hapana. Kisha nkakumbuka, aa, doksi za chunusi, wiki ya pili sasa. Kimya kidogo upande wa pili, halafu "We mwehu." Kumbe doksisaiklini inaifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua, jua ambalo siku nyingine lingenipa ukavu tu, nikiwa na doksi linanichoma. Si hiyo peke yake, septrini nayo imo, na baadhi ya vidonge vya presha vya kukojosha, na mkorogo msiniulize, ngozi ilochubuliwa haina kinga. Kwenye duka la dawa nlipozinunua waliniambia tu ninywe baada ya kula, ila na mie sikuuliza, nlijinunulia mwenyewe bila daktari, kwa hiyo lawama tugawane.

Maumivu alisema brufeni inasaidia na uvimbe, lakini nisiinywe mpaka niwe nshakunywa maji ya kutosha na mkojo umeanza kuwa mweupe, mana mwili ukiwa mkavu inaumiza figo. Nlianza na Panadol, brufeni ikafuata usiku, na chakula.

Siku ya pili malengelenge, begani yalikuwa mawili makubwa kama punje za zabibu na madogo kibao. Rafiki yangu kaja kunitazama, katoa sindano na kiberiti, ati anaichoma kwanza moto. Nkamfukuza. Ile ngozi ya juu ndo bandeji yako, ukiitoboa umefungulia vijidudu mlango. Moja lilipasuka lenyewe usingizini, nkaliosha kwa maji na sabuni isonukia, vaselini kidogo, kipande cha bandeji ya gozi juu. Binamu alinambia nikiona usaha, au wekundu unatambaa, au homa inarudi, niende kituo cha afya. Halikufika huko, alhamdulillahi.

Siku ya tano kuwasha. Hapo hakuna aliyenionya, na mie naona ule mwasho ni mbaya kuliko maumivu yenyewe, mana maumivu unalala nayo. Kuoga maji ya baridi, kujipigapiga kwa kiganja badala ya kukuna, na sasa ndo ruhusa ya kupaka mafuta. Kisha ngozi ikaanza kubanduka, vipande vipande, nkarudi mjini na mgongo kama ukuta wa Mji Mkongwe unaomwaga chokaa. Alama za kanda za singlendi ninazo mpaka leo.

Losheni ya jua nlikwenda kuulizia, bei yake inatisha, na inatakiwa upake tena kila masaa mawili. Kwa wenzetu wenye ualbino hii si anasa, jua kwao ni saratani ya ngozi, na nimefurahi kujua kuna losheni inatengenezwa hapa hapa nchini kwa ajili yao, hospitali ya KCMC Moshi, inaitwa KiliSun. Mie nimeamua shati la mikono mirefu.

Juzi shangazi kanipigia, bamvua linakuja. Kasema kofia yangu ya ukili ishakwisha kusukwa, elfu kumi, na leso ile bado iko kwenye kamba.