Punje 53

Mama yangu alikuwa watu wawili, na mpaka wao ulikuwa lango la shule. Nje ya lango, Mama. Ndani, Mwalimu, hata kwangu mimi. Nikiteleza nikamwita Mama mbele ya wenzangu alijifanya hasikii, akaendelea kuandika ubaoni mpaka nijirekebishe.

Mwaka 1987 niliingia darasani kwake nikiwa na miaka kumi. Alitufundisha hisabati. Karatasi zangu za mtihani alimpa mwalimu mwenzake azisahihishe, kisha akazipitia tena mwenyewe akitafuta alama niliyopewa kwa huruma. Mara moja aliniondolea nusu alama ambayo mpaka leo naidai. Nikinyoosha mkono, hanioni. Kazi pekee aliyonipa ilikuwa kufuta ubao jioni, wenzangu wakishaondoka. Nikimaliza, alikung'uta chaki viganjani, akachukua mkoba wake, akasema, "Haya, twende nyumbani." Hapo ndipo alipoanza kurudi kuwa Mama.

Ulikuwa Mwaka wa Maria, mwaka ambao Kanisa Katoliki lilimtengea Bikira Maria. Papa Yohane Paulo II aliufungua siku ya Pentekoste mwaka ule na ukaendelea hadi sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Agosti 1988. Mama hakuhitaji kuhimizwa na Papa kusali Rozari, ile sala ya Salamu Maria inayorudiwa punje kwa punje, lakini ilipofika Oktoba, ambao ni mwezi wa Rozari hata katika miaka ya kawaida, alianza kusali peke yake usiku baada ya ile tuliyosali pamoja. Nilifikiri ni ibada ya ziada tu. Alikuwa mtu wa ziada kwa Mungu, na wa kipimo kwetu.

Usiku mmoja niliamka kutafuta maji ya kunywa. Mlango wake haukufungwa vizuri. Alikuwa amepiga magoti, kiwiko juu ya kitanda, na kabla ya kila Salamu Maria alitaja jina. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anaita mahudhurio. Majina yalifuatana vilevile kama kwenye rejista, wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mtoto na punje yake. Alimwombea hata yule wa dawati la nyuma aliyemwaga wino kwenye madaftari ya watu, na ninaapa punje yake aliishika muda mrefu kuliko nyingine.

Kwenye rejista mimi nilikuwa wa 31. Nilisimama gizani na kikombe mkononi, nikihesabu. Akamtaja wa 30. Akasali. Akamtaja wa 32.

Kesho yake alitoa zoezi, nami nikarudisha karatasi tupu, jina tu juu. Hakusema kitu. Jioni nilifuta ubao, tukatembea hadi nyumbani kimya, na alipoketi ndipo aliponiuliza kama naumwa.

"Umeniruka," nikamwambia.

Akanitazama, akaelewa. Hakukana wala hakunikumbatia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Alitoa rozari mfukoni akaniwekea mezani. "Hesabu punje za Salamu Maria."

Tatu za mwanzo, zile za imani, matumaini na mapendo. Kisha makumi matano. Hamsini na tatu.

"Darasani mko wangapi?"

"Hamsini na wanne."

"Toa."

"Anabaki mmoja."

"Basi. Huyo mmoja lazima awe mtoto wa mtu. Ulitaka nimruke mtoto wa nani?"

Nikajaribu njia nyingine. Nilimkumbusha kwamba kuna Baba Yetu sita. Akasema hizo zina wenyewe, akairudisha rozari mfukoni. Wenyewe walikuwa akina nani hakuniambia, wala sikupata kujua.

Watu niliowahi kuwasimulia hukenua meno na kusema, ona mama wa haki. Labda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sikuwa natafuta haki, nilikuwa natafuta punje. Nimekuwa mzazi sasa, na bado sijakubali kwamba hesabu ile ilikuwa sahihi, ingawa sijaweza kuonyesha kosa lilipo.

Kabla ya muhula kwisha, mwenzetu mmoja alihama na wazazi wake. Jina lake likapigwa mstari. Tukabaki 53! Usiku ule sikusubiri kiu; nilikaa nje ya mlango wa Mama tangu alipoanza Nasadiki, sala ya kufungulia Rozari. Akafika wa 30. Akafika wa 32. Na yule aliyehama akatajwa mahali pake palepale, kana kwamba kesho angekuwepo mstarini. Nilirudi kulala nikilia kwa hasira, na nadhani alinisikia.

Miaka ikapita kwa kawaida yake. Nilipokuwa mtu mzima nilimkumbusha kwamba Rozari nzima ya zamani, ya makumi kumi na tano, ina Salamu Maria 150, sawasawa na idadi ya Zaburi, kwa hiyo ningetosha na nafasi ikabaki. Akasema, "Na madaftari angesahihisha nani?" Mwaka 2002 Papa yuleyule alipoongeza matendo ya mwanga, matukio matano ya maisha ya Yesu ya kutafakari wakati wa Rozari, Mama aliyashika ndani ya wiki, akawa anayasali kila Alhamisi. La tatu, la kutangaza Ufalme wa Mungu, alisema ni la walimu.

Siku tatu kabla hajafariki, padre alimpa Mpako wa Wagonjwa. Alimpaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani. Akapokea Komunyo, punje ndogo tu ya hostia kwa maji. Usiku nilibaki naye. Vidole vyake havikuweza tena kusogeza rozari, kwa hiyo niliishika mimi, na nilipoanza Salamu Maria alinizuia kwa jicho. Alikuwa na jina la kutanguliza.

Nikainama kusikiliza. Sikulifahamu. Wala la pili, wala la kumi. Lilikuwa darasa la mwaka mwingine kabisa, labda kabla sijazaliwa, na kwa mara ya kwanza nilisikiliza bila kumsubiri wa 31. Alitaja, nikasali, nikasogeza. Mengine yalimtoka nusu, nilisogeza hivyohivyo. Tulipomaliza ilikuwa karibu alfajiri.

"Wamekwisha wote?" akauliza.

"Wamekwisha, Mwalimu."

"Haya, futa ubao," akasema. "Twende nyumbani."