Jumatano ya kliniki ya selimundu

Saa 11 alfajiri
Upepo wa ziwani umevuma usiku kucha hapa Mwanza, nimeamka nikiwaza watoto. Baridi ikiingia, wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huanza kuumwa. Nimefunga blanketi mbili za nyumbani, nikatoka.

Saa 1:30 asubuhi
Benchi zimeshajaa. Wengine wametoka Sengerema na kivuko cha kwanza. Kila mzazi namuuliza kwanza: mtoto ana homa? Mwenye nyuzi 38.5 hapangi foleni. Bandama lao huharibika mapema, nalo ndilo mlinzi dhidi ya vijidudu kwenye damu, kwa hiyo homa ya asubuhi inaweza kuwa msiba jioni.

Saa 3
Kijana wa miaka 9 ameletwa mgongoni kwa mjomba wake, miguu haikanyagi. Halii, anatafuna kola ya shati. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, kwake zikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu, zikakakamaa na kuziba vimishipa vya ndani ya mifupa. Za kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana macho yake ni ya njano na damu haimtoshi. Daktari ameandika mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Nimempa, nimemfunika, nimekaa naye mpaka alipoiachia ile kola. Wapo wanaosema watoto hawa wanadeka. Waje wakae hapa asubuhi moja.

Saa 5
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu."
Analea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, na leo nataka mkono wake ujifunze. Mtoto analala chali, magoti yamekunjwa. Nimeviweka vidole vya bibi chini kabisa ya tumbo upande wa kushoto, tukapanda taratibu kuelekea mbavu. Ukianzia juu, bandama lililovimba sana utalipita bila kujua. Ghafla akasimama. "Hili hapa, kama ncha ya ulimi." Ndilo. Limeshuka vidole viwili chini ya mbavu. Nimemwambia alipapase kila siku wakati wa kumwogesha, maana linaweza kumeza damu ya mtoto kwa saa chache: tumbo linajaa, viganja vinapauka. Likizidi pale alipolikuta leo na mtoto amelegea, asisubiri kuche. Amerudia kupapasa mara tatu, mara ya mwisho macho amefumba.

Saa 8 mchana
Baba mmoja amekuja na mkewe mjamzito na binti yao wa miaka 4. Hakukaa. "Kwetu ugonjwa huu haupo, ni wa kwao." Mama kainama. Sentensi hii naisikia karibu kila wiki, na kila mara inaniuma, kwa sababu najua ndoa ilizovunja. Nimemwomba baba kidole chake. Tone moja la damu kwenye kipimo, tukangoja dakika chache. Mstari wa S, alama ya selimundu, ukatokea pembeni ya ule wa A, wa damu ya kawaida: naye anaibeba bila kuugua, kama mkewe. Kauona mwenyewe.

Nikapanga punje nne za mahindi mezani: kila mimba yenu, uwezekano wa mtoto kurithi S kwa wote wawili na kuugua ni moja kati ya nne. Si kosa la mtu. Kurithi S moja humkinga mtoto asizidiwe na malaria. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Ndiyo maana imebaki kwa wingi kwetu huku kwenye mbu. Baba akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe.

Binti anaanza haidroksiyurea leo, dawa inayoamsha himoglobini ya uchangani, kibeba oksijeni cha damu kisichozipinda chembe. Mjamzito hatakiwi kuishika. Nikamwambia baba: "Hii ni kazi yako." Akauliza kapsuli inayeyushwaje. Nikampa glavu na kikombe, akajaribu mbele yangu.

Saa 11 jioni
Nimepita wodini. Kijana amemaliza uji, anamuuliza mjomba kama daftari la hesabu limeletwa. Blanketi nimeziacha hapo.