Kikohozi kimoja, magonjwa mawili

Mtamba wangu mwekundu hakuanza kwa kukohoa. Alichelewa tu. Wenzake walipotoka kwenda malishoni yeye alibaki nyuma, masikio yamelegea, na alipofika kwenye majani akasimama bila kula. Mwaka uliotangulia nilimwona ndama akiwa hivyo hivyo, nikasema tumwangalie mpaka kesho. Kesho yake alikuwa anahema mdomo wazi, shingo ameinyoosha, viwiko vimetanuka, na sindano haikumfaa tena. Bado naumia nikimkumbuka.

Safari hii sikungoja. Nilisimama mbali kidogo, maana ng'ombe akishtuka pumzi hupanda, nikahesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika nzima: mara 52. Ng'ombe mkubwa aliyetulia hupumua kama mara 15 hadi 35. Nikamfunga, nikampima joto kwenye njia ya haja kubwa: 40.9, ilhali la kawaida halizidi 39.5. Ilikuwa asubuhi, kabla jua halijaanza kuwapandisha wote joto.

Daktari wa mifugo alisikiliza mapafu, kisha akapapasa tezi za chini ya sikio na mbele ya bega, kwa kuwa homa iletwayo na kupe nayo humfanya ng'ombe aheme. Akauliza wangapi wanaumwa na kama nimeingiza wapya, kwa sababu homa ya mapafu ya ng'ombe (CBPP), ugonjwa wa kuambukiza ulio tofauti na nimonia ya kawaida, ni ya kuripotiwa, si ya kutibiwa kimyakimya. Nilikuwa nimeingiza wapya wiki mbili nyuma, tena siku za mvua ya baridi. Alisema ni nimonia: bakteria wakaao puani siku zote hushuka mapafuni mnyama anapochoshwa na safari, baridi na msongamano.

Dawa ilikuwa oksitetrasaiklini ya kudumu, antibiotiki yenye miligramu 200 katika kila mililita, na kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Mimi kwa macho nilimkadiria kilo 200. Utepe wa kupimia ukasema 260. Ningemchoma mililita 20 badala ya 26, na sijui ni wangapi niliowapunja hivyo miaka yote. Tuligawa sindano sehemu tatu shingoni, tukaongeza dawa ya kushusha homa na uvimbe, tukamtenga kivulini na maji karibu. Siku ya pili joto lilikuwa 39.2 na ameanza kula. Hata hivyo daktari alirudia sindano baada ya saa 72, kama alivyopanga.

Kilichonifungua macho zaidi ni ndama wanne waliokuwa wakikohoa wakati huohuo. Nilikuwa tayari kuwachoma dawa ileile. Joto lao lilikuwa 38.7, wanakula vizuri, kikohozi kikavu kinawabana wakikimbia. Walikuwa katika msimu wao wa kwanza wa kuchunga, kwenye majani mabichi yenye unyevu. Kinyesi kilipopimwa, ikaonekana minyoo ya mapafu, ambayo antibiotiki haiigusi kabisa. Walipata dawa ya minyoo, wakahamishiwa malisho makavu, na kikohozi kikaisha polepole.

Sasa hupita zizini alfajiri, wakiwa bado wamelala, nahesabu mbavu za yeyote ninayemtilia shaka. Kipimajoto kinaning'inia mlangoni pamoja na daftari, na humo nimeandika tarehe ambayo mwekundu hapaswi kuuzwa kwa nyama kabla haijafika, maana dawa huwa bado imo mwilini.