Siku mwenye Panguna alipogawa hisa zake bure

Hisa za Panguna nilianza kununua 2013 nikiwa Brisbane, enzi hizo nafanya kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala. Kwa asiyejua, Panguna ni mgodi wa shaba na dhahabu kisiwani Bougainville, Papua New Guinea, ulianza kuzalisha 1972 ukafungwa tarehe 15 Mei 1989 na haujafunguliwa tena mpaka naandika hapa. Ila kampuni yake, Bougainville Copper, haikufa. Ipo soko la hisa la Australia, ina wakurugenzi, inatoa ripoti kila mwaka, na mtu yeyote mwenye akaunti kwa broka anaweza kununua hisa zake. Mgodi wenyewe hautoi hata kilo moja, hela ya kuendesha ofisi walikua wanaipata kwenye gawio la hisa za makampuni mengine walizowekeza.

Aliyeniingiza humo ni shemeji yangu, mume wa dada, yuko Dar na mambo ya hisa anayapenda kuliko mpira. Alinitumia ripoti usiku, ujumbe mmoja tu juu yake, "shem soma hii halafu tuongee." Makadirio ya kampuni yalikua yanasema ardhini bado kuna zaidi ya tani milioni 5 za shaba na dhahabu kama wakia milioni 19, na huku hisa moja ilikua chini ya dola moja ya Australia. Hesabu ya shemeji ni ile ile anayoifanya kila mtu anayenunua mgodi uliolala: unachukua mali iliyo chini, unalinganisha na bei ya kampuni nzima sokoni, unaona pengo, unajiambia siku wakifungua hilo pengo litajazwa na mimi nitakuwepo. Sio hesabu ya kijinga hata kidogo. Mi nilikua na akaunti, yeye akawa ananitumia hela kidogo kidogo, nanunua kwa jina langu, kwenye daftari naandika zipi zake zipi zangu.

Miaka iliyofuata tuliishi kwa kufuatilia bei ya shaba London. Mwanzoni mwa 2011 tani moja ilipita dola 10,000 za Marekani, sisi tukaingia ikiwa imeshashuka kidogo tukasema itarudi tu, haikurudi, ikawa inateremka mpaka Januari 2016 ikawa chini ya 4,500. Na kufungua upya mgodi ule ilikadiriwa kama dola bilioni 5 za Marekani, kwa hiyo bei ikiwa pale hakuna benki itakayokusikiliza. Kilichotufanya tusiuze ni kitu kingine kabisa. Rio Tinto, kampuni kubwa ya madini ya Uingereza na Australia, ndo alikua na asilimia 53.83 ya kampuni, na 2014 alitangaza kwamba anatathmini afanye nini na hizo hisa. Shemeji akapiga kelele kwenye simu. Maana akija mnunuzi mkubwa kuchukua zaidi ya nusu, bei atakayolipa inakua kipimo, na huenda akatoa ofa na kwa sisi wadogo. Tukawa tunamngoja huyo mnunuzi. Mara ni Wachina, mara ni serikali ya Papua New Guinea kule Port Moresby, mji mkuu wao, kila wiki na fununu yake.

Alhamisi ya tarehe 30 Juni 2016, siku ya mwisho ya mwaka wa kodi Australia. Siku hiyo watu huuza hisa zilizowatia hasara ili wapunguziwe kodi, kwa hiyo tangu asubuhi nilikua natupia jicho simu nikijua kutakua na purukushani. Mapumziko ya mchana nimekaa kantini, tangazo likaingia kwenye apu ya broka. Nikasoma, nikarudia kusoma. Rio Tinto anatoa hisa zake zote, asilimia 36.4 zinaenda kwa serikali ya Bougainville, maana kisiwa kina utawala wake wa ndani, na 17.4 kwa serikali ya Papua New Guinea, ambayo kwa kujumlisha na zake za zamani na yenyewe inafika 36.4. Bei ya mauzo hamna. Anazigawa bure na kuondoka.

Sijui kama naweza kueleza ile hali vizuri. Mtu umengoja miaka uone mwenye nusu ya kitu atakipa bei gani, halafu anakiachia bure. Sisi wengine wote tuliobaki, watu baki wa huku na kule duniani, tulikua kama asilimia 27, na sasa tumekaa na serikali mbili zisizoelewana, moja inataka kujitenga na nyingine.

Dar ilikua alfajiri, shemeji ametoka kuswali, akapiga. "Shem, asalaam aleikum. Nimeiona. Mwenye nyumba kaacha funguo mezani kaondoka, hadai hata kodi, sisi wapangaji tunangoja nini humu ndani? Uza zote leo leo kabla soko halijafunga." Nikamwambia shem subiri kwanza nifikirie, Panguna sio bei tu, hizo serikali zikielewana je? Tukavutana pale kwa Kiswahili, sauti imepanda bila mi kujua.

Meza hiyo hiyo alikua amekaa mama mmoja wa Bougainville, tunafunga naye maboksi mstari mmoja, ghalani wote tunamwita Anti. Nilikua najua ni wa kule, ila hizi habari za hisa sikuwahi kumwambia, nadhani nilikua naona hazimuhusu. Kumbe katikati ya Kiswahili chote kile ameshasikia Panguna, Panguna. Nilipokata simu akaniuliza unaongelea nini kuhusu Panguna, nikamwambia ukweli, Anti mi nina hisa kidogo za ule mgodi.

Akaweka kijiko chini. "Una hisa za Panguna? Nani kakuuzia?"

Nikamweleza, soko, broka, apu. Akasikiliza mpaka mwisho, hakukasirika, akauliza tena vilevile, nani kakuuzia, maana ile ardhi ni ya akina mama zetu na hamna aliyemuuliza mama yangu. Kwao ukoo na ardhi vinapita kwa mama. Mi ni Mmakonde, hilo halikuhitaji maelezo, bibi yangu angeuliza swali hilo hilo kwa sauti hiyo hiyo. Akanihadithia 1969, pale Rorovana, wanawake waliposimama mbele ya mabuldoza kuzuia ardhi isichukuliwe kwa ajili ya bandari ya mgodi, na polisi wakaja na virungu na mabomu ya machozi. Mama yake alikuwepo. Na baba yake, huyo huyo mume wa mama, baadaye akaajiriwa mgodini kama fundi wa magari, mshahara mzuri, viatu vya shule, redio. Anti hakuficha hilo, alisema nyumba moja ilikua na vyote viwili.

Halafu vita. Vijana wa Francis Ona, kiongozi wa waasi wa kisiwani, walilipua nguzo za umeme, mgodi ukafungwa, serikali ya Papua New Guinea ikazingira kisiwa, meli haziingii, dawa haziingii. Watu waliokufa mpaka amani wanatajwa kufika 20,000. Anti alikua binti. Alichonieleza kwa urefu ni nazi. Wanakuna nazi, wanachemsha mpaka mafuta yajitenge, wanachuja kwa kitambaa, wanamimina kwenye tangi la gari ya dizeli na gari inatembea. Alikua anachuja yeye na dada zake, kitambaa ni kanga kuukuu ya mama yake (yeye aliita kwa jina la kwao), na usipochuja vizuri injini inaziba mgonjwa anafia njiani. Gari ikipita kijijini harufu ni ya nazi inayokaangwa. Mdogo wake wa mwisho alikufa kwa malaria kipindi hicho, dawa hamna.

Nikamwonyesha tangazo, nikamwambia Anti leo wametoa hisa, sasa sehemu kubwa ni ya serikali yenu. Nilitegemea atafurahi. Akasoma taratibu, akarudisha simu. "Wametoa karatasi. Na mto?"

Mto ni Jaba. Kwa miaka yote ya uchimbaji taka za mgodi zilimwagwa kwenye mito Kawerong na Jaba, zaidi ya tani bilioni moja, bonde lote la chini likajaa mchanga wa kijivu. Na msimamo wa Rio Tinto ulikua kwamba mgodi uliendeshwa kwa kufuata sheria za wakati ule. Rais wa Bougainville wakati huo, John Momis, alikuja juu sana baada ya tangazo, kwa sababu mwenye uwezo wa kulipia usafi ndo huyo anaondoka, anaowaachia hisa hawana hela. Hayo niliyasoma siku zilizofuata. Pale kantini nilisikia kwa Anti kwanza, na nakiri kwa moyo wote kwamba alikua ameiona maana ya lile tangazo kabla ya wachambuzi wote niliokua nawasoma.

Jioni nikampigia shemeji. Nikamwambia shem, za kwako nauza kesho, hiyo ni hela yako na una watoto, za kwangu nabaki nazo. Akauliza unabaki kwa matumaini gani. Nikasema nabaki kwa sababu wenye ardhi sasa wako kwenye daftari la wanahisa, na huo mgodi kama utafunguliwa siku moja watafungua wao, nataka kuwa upande huo. Akasema sawa shem, ni hela yako. Hatukugombana.

Wikiendi Anti akaja nyumbani na binti yake. Alikua na swali moja, mwenye hisa anaruhusiwa kuuliza maswali? Nikamwambia anaruhusiwa, kuna mkutano mkuu Port Moresby kila mwaka na unaweza kuandika barua. Basi tukaandika. Alitaka iulizwe nani anakagua tuta la mto lililojengwa enzi za mgodi, likibomoka maji yataenda vijiji gani, na watu wa chini watapewa taarifa na nani. Nikasaini mimi kama mwanahisa.

Uchunguzi wa madhara ya mgodi Rio Tinto alikubali kuugharamia 2021, na ripoti yake kubwa ya kwanza ikatoka Desemba 2024, ndani yake miundombinu iliyochoka, mafuriko, mchanga wa taka, yale yale. Anti kipindi hicho ameshahamia Cairns. Nilimpigia nikamsomea sehemu ya mto yote, akauliza nani analipa na lini, nikamwambia Rio Tinto na serikali ya Bougainville wamesaini makubaliano ya kukaa meza moja kutafuta suluhu, tarehe ya malipo haimo.

"Basi andika nyingine," akasema, na safari hii alitaka jina lake na la mama yake yawekwe juu ya langu.