Sumu ya mimea, homoni na matibabu ya tezi dume

Mnyonyo huota wenyewe kando ya uzio na pembezoni mwa barabara, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na sisi tunaoishi Mwanza tunaujua zaidi kwa mafuta yake ya nywele. Ndani ya mbegu zake, hata hivyo, mna protini iitwayo risini, iliyoelezwa mwaka 1888 na Hermann Stillmark katika Chuo Kikuu cha Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia), nayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zitokazo kwenye mimea. (Mafuta hayana risini, kwa kuwa protini hiyo haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu.)

Naandika haya kwa sababu tangu mjomba wangu agundulike kuwa na saratani ya tezi dume, ndugu wamekuwa wakimshauri atafute mimea yenye sumu aichemshe anywe, wakisema wamesikia kwamba hata wazungu wanaitumia kuua saratani. Habari hiyo ina chembe ya ukweli, na ni ukweli unaostahili kuelezwa vizuri, maana mtu akiushika nusu unaweza kumuua.

Risini ina vipande viwili. Kimoja hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya seli, na kingine, kikishaingia ndani, huharibu ribosomu, yaani mahali ambapo seli hutengenezea protini zake. Molekuli moja huweza kuharibu ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika, na seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Tatizo ni kwamba kipande kinachojishikiza hakichagui, kwa hiyo seli ya utumbo, ya ini na ya uvimbe wa saratani zote ni sawa mbele yake. Kuchemsha majani au kutafuna mbegu hakuifanyi sumu hiyo ianze kuchagua.

Watafiti wamelishughulikia jambo hilohilo la kuchagua. Katika Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani, Terry Nett na wenzake walichukua protini ya mmea uitwao kitaalamu Phytolacca americana, ambayo huharibu ribosomu kama risini lakini haina kipande cha kujishikiza, wakaiunganisha na homoni fupi ya asidi amino 10 tu, ile ambayo ubongo huitumia kuiamuru tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake. Muundo wa homoni hiyo ulifahamika mwaka 1971, na Andrew Schally na Roger Guillemin wakatunukiwa Nobeli mwaka 1977. Hapo homoni inakuwa chambo na sumu inakuwa ndoana: seli zenye vipokezi vya homoni hiyo, yaani sehemu zinazoidaka, ndizo zinazomeza.

Seli hizo zipo za aina mbili zinazotuhusu. Za kwanza ni za pituitari, ambazo huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume. Zikifa, testosteroni hushuka, na tangu utafiti wa Charles Huggins wa mwaka 1941 tunajua kwamba saratani ya tezi dume hunyong'onyea ikikosa homoni hiyo. Za pili ni baadhi ya seli za saratani zenyewe, za tezi dume, matiti na ovari, ambazo nazo hubeba vipokezi hivyo. Katika majaribio kwa mbwa dume, homoni za uzazi zilishuka kwa miezi kadhaa.

Nikiwaza hivyo, namwona mjomba anavyovuka kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kila baada ya miezi mitatu kuja kuchomwa sindano ya kushusha testosteroni, akilipa nauli, malazi na dawa, na nawakumbuka wazee wengine waliokubali kuondolewa korodani kwa sababu upasuaji hulipiwa mara moja tu. Dawa ambayo ingezima amri ya pituitari kwa muda mrefu ingekuwa na maana kubwa kwa watu wa visiwani.

Vikwazo navyo ni vizito. Protini ya mmea ni ngeni mwilini, hivyo baada ya dozi za mwanzo mwili hutengeneza kingamwili zinazoiharibu kabla haijafika inakotakiwa, na sumu za jamii hii zimewahi kuwaletea wagonjwa tatizo la mishipa midogo ya damu kuvujisha maji hadi mwili kuvimba.

Ndugu wa ule mmea wa Phytolacca americana, uitwao Phytolacca dodecandra, huota Afrika Mashariki. Mwaka 1964 Aklilu Lemma wa Ethiopia aliona konokono waenezao kichocho wakifa mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda yake, jambo linalotugusa sisi wa ziwani kwa namna ya pekee. Majani yake yana dodekandrini, protini inayozima ribosomu vilevile. Ningependa kuona vijana wetu wa maabara wakiichunguza hapahapa Mwanza, huku mjomba akiendelea na sindano zake bila kukosa tarehe hata moja.