Gusa Majivu kwa Mkono

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Orodha ya mahema ya kambi yetu katika hifadhi ya Itasca, jimboni Minnesota, Marekani, ndiyo iliyoninyima usingizi wiki hii. Mahema 6, watu 22, na kwenye karatasi hesabu inatoka vizuri kabisa. Kisha zikaanza kuja simu za pembeni: "Mimi na fulani, tafadhali, msituweke pamoja." Ukiuliza kuna nini, jibu ni lile lile: "Aa, yale yaliisha zamani." Kama yaliisha, mbona hema halitoshi? Na kabla sijamnyoshea mtu kidole, nimekuta kuna jina moja ambalo mimi mwenyewe nililisogeza hadi hema la mwisho, wala hakuna aliyeniomba.

Neno letu ni Marko 6:31: "Njooni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Bwana aliwaita pamoja, na wale waliokuja kubishana njiani nani mkubwa walikuwamo.

Tunakokwenda ndiko Mto Mississippi unakoanzia. Pale unapotoka ziwani, mtoto anauvuka kwa kukanyaga mawe, kisha unasafiri zaidi ya kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko. (Mawe yale yana utelezi wa ukoko wa kijani. Watoto wavae viatu vyenye mikanda, si ndala.) Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1891 ili misonobari isimalizwe na wakata mbao, na ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo la Minnesota. Ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki pana kichaka cha misonobari myekundu kiitwacho Preacher's Grove, kwa kuwa zamani wahubiri walipiga kambi pale wakati wa mkutano wao. Miti yake mingi imepita miaka 200. Mbao za jamaa zake nyumbani tunaziita za paini, lakini paini za shamba zinakatwa zingali vijana. Hizi ni wazee.

Ya mahema nitayapitia haraka. Kabla ya kufungua mfuko, tazama juu: tawi kavu lililoning'inia halisubiri upepo mkubwa, basi sogea. Usipige hema kwenye bonde dogo hata kama sindano za misonobari zimelifanya laini kama godoro, maana mvua ikija maji yote yanakusanyika hapo. Turubai la chini lisichomoze nje ya hema. Kunja kingo zake ziingie ndani, la sivyo linakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako. Vigingi havishiki kwenye sindano. Zipangue kwanza hadi uuone udongo, kisha pigilia kigingi kwa mshazari, kichwa kikilala upande ulio mbali na hema. Hata mwezi wa Julai usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10, kwa hiyo blanketi moja kati ya watu wawili ni ugomvi mwingine tunaoutafuta. Kupe wapo: ingiza suruali ndani ya soksi, na jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani na nywele za watoto. Dubu weusi nao wapo, hivyo chakula, masufuria machafu na hata dawa ya meno vinalala ndani ya gari lililofungwa. Kumbukumbu la Torati 23 inasema Bwana hutembea katikati ya marago, yaani kambi, na kwa sababu hiyo marago yawe safi. Sina la kuongeza hapo.

Kuni usitoke nazo nyumbani. Ndani ya magome hujificha mabuu ya mdudu kutoka Asia anayeua miti ambayo Kiingereza huiita ash, naye alionekana Minnesota mwaka 2009. Anaruka mwenyewe, lakini safari zake ndefu anapelekwa na magari yetu. Kuokota kuni hifadhini pia hairuhusiwi. Tutanunua huko huko.

Sasa moto, na hapa naomba mnivumilie.

Moto wa kambi katika msitu wa misonobari unawashwa ndani ya duara la chuma tu, nao uwe mdogo, usipite urefu wa goti. Saa moja kabla ya kulala, acha kuongeza kuni, vipande vilivyomo viishe viwe majivu. Kisha lete maji. Mwaga taratibu, na usisimame juu ya mvuke. Koroga kwa beleshi hadi chini kabisa, geuza kila gogo lililoungua nusu, kwangua makaa yaliyogandamana nalo, mwaga tena, koroga tena. Endelea hadi mlio wa "shiii" ukome. Mwishowe sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Usiposikia joto, yaguse. Kama huwezi kuyashika, huwezi kuyaacha.

Kosa wanalofanya wengi ni kufukia. Mtu amechoka, maji yako mbali, anarusha udongo mabeleshi matano, moshi unakatika, analala. Udongo ule ni blanketi: unahifadhi joto, na makaa yanaishi hadi kesho. Chini ya misonobari, tena, ardhi yenyewe ni kuni. Kuna tabaka la sindano zilizorundikana miaka mingi, juu kavu, chini nusu zimeoza. Moto ukiingia humo hautoi mwali. Unatambaa polepole, unafuata mizizi, na unaweza kuchomoza siku kadhaa baadaye, hatua kadhaa kutoka pale ulipouacha. Yakobo alisema, "Angalia jinsi moto mdogo uwashavyo msitu mkubwa sana."

Watu wa Minnesota wanalijua hili kwa msiba. Oktoba 10, 1918, wakati wa ukame, cheche za garimoshi ziliwasha nyasi na marundo ya mbao kando ya reli. Watu wakapambana na moto, ukatulia, ukabaki ukifuka. Siku mbili baadaye upepo ukavuma. Mji wa Cloquet ukateketea, na waliokufa katika eneo lile lote walizidi 400.

Na msonobari mwekundu wenyewe hauogopi mwali. Gome lake nene linastahimili moto unaopita haraka. Mingine ina kovu jeusi shinani na huko juu ni mibichi kabisa. Kinachouua mti mzee kama huo ni moto wa chini, usioonekana, unaokaa saa nyingi kwenye sindano zilizorundikana shinani na kuipika mizizi taratibu. Mti uliovuka mioto ya wazi ya miaka mia mbili unakufa kwa moshi ambao hakuna aliyeutilia maanani.

Wapendwa, sisi ni mafundi wa kufukia. "Namwachia Mungu," unasema, na mwaka wa pili huu humsalimii. Hapo hujamwachia Mungu kitu, umerusha udongo. Wanakwaya mnaimba sauti ya kwanza na ya pili mkiwa mmepeana visogo. Wazee tunafunga kikao kwa sala ndefu ili fulani asipate nafasi ya kusema. Kisha jambo dogo linavuma, mchango wa harusi au ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp, na ushirika mzima unawaka, nasi tunashangaa moto umetoka wapi. Paulo alisema jua lisichwe na uchungu bado haujatutoka. Machweo mangapi yamepita?

Simsemi aliyeumizwa kwa ukatili. Huyo hatumlazimishi kulala karibu na aliyemuumiza, na mtu asilitumie neno hili kumbana. Nasema sisi wa kiburi na maneno.

Tazameni Bwana alivyofanya na Petro. Petro alikana akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Baada ya kufufuka, Yesu akawasha moto wa makaa ufuoni mwa ziwa, samaki juu yake, na mkate. Hakusema "yale yaliisha." Alimlisha kwanza, kisha akakoroga: wanipenda? Akakoroga tena. Mara ya tatu Petro akahuzunika, na Bwana hakuacha hadi alipofika chini kabisa.

Orodha ya mahema naifunga Alhamisi usiku. Lile jina nililolisogeza nimelirudisha hema la kwanza, na kesho jioni naenda kubisha hodi kwake. Nawe una namba ya simu unayoijua. Piga kabla hatujapakia magari. Ndoo za maji zitakuwepo mbili, za lita 10, pamoja na beleshi. Zamu ya kuzima moto Ijumaa ni ya hema la kwanza.